Supu, Paa na Nota: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanamuziki Mfungwa wa Birkenau, 1942–1945

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mtu wa kweli, alikwisha kufariki, na ushahidi mkuu ni maandishi aliyoyaacha mwenyewe. Jina lake, mji aliozaliwa, namba aliyochanjwa mkononi na majina ya tungo zake nimeyaondoa. Hapa tutamwita M. Majina ya kambi na ya maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hizo, nimeyaacha, kwa kuwa ni ya kumbukumbu za umma na bila hayo mambo hayaeleweki.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu moja. Habari za wanamuziki waliotoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, huzoea kufungwa kwa maneno kwamba muziki uliwaokoa. M. aliishi karibu miaka 40 baada ya vita na aliyakataa maneno hayo, tena kwa ukali. Alisema kilichomwokoa ni paa, supu na bahati, na kwamba muziki kule ulikuwa sehemu ya mitambo ya kambi. Naamini alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Sehemu ndogo ambayo simkubalii nitaieleza mbele.

Kabla ya kukamatwa

M. alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ulaya Mashariki, mtunzi na mpiga fidla, aliyehamia Paris miaka ya 1920. Alianzia kwenye hisabati kabla ya kuugeukia muziki, na kuna wakati alijipatia riziki kwa kupiga piano kwenye majumba ya sinema, enzi za filamu zisizo na sauti. Alijua lugha kadhaa, Kijerumani kikiwa mojawapo. Mambo haya matatu, yaani hisabati, piano ya sinema na lugha, yakumbukwe. Yatamfaa kuliko kipaji cha utunzi.

Mwaka 1941, chini ya utawala wa Wajerumani, polisi wa Ufaransa walianza kuwakamata Wayahudi wa kigeni waliokuwa Paris. Mwezi Mei peke yake, watu zaidi ya 3,700 waliitwa kwa barua ya kijani kama wanaokwenda kukaguliwa vyeti, wakatiwa mbaroni palepale. M. alikamatwa mwaka huo akiwa anakaribia umri wa miaka 40, akawekwa kambini kusini mwa Paris hadi Julai 1942, alipopakiwa kwenye treni ya mizigo kwenda mashariki. Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa wakati wa vita. Waliorudi ni kama 2,500.

Yaliyotokea

*Wiki za mwanzo.* Alipelekwa Birkenau, kambi ya pili ya Auschwitz, kilomita kama 3 kutoka kambi kuu. Ilikuwa bado inajengwa, na wajenzi walikuwa wafungwa wenyewe: kuchimba mitaro kwenye ardhi ya kinamasi, kubeba matofali, kusukuma udongo, huku nyapara akiwa nyuma na fimbo. Chakula cha siku kilikuwa nusu lita ya maji meusi yaliyoitwa kahawa asubuhi, supu nyepesi mchana isiyozidi robo tatu ya lita, na jioni mkate wa gramu kama 300 wenye majarini au kipande kidogo cha soseji. Mtu aliyefanya kazi ya sulubu saa 11 kwa mgawo huo alikwisha katika miezi michache. M. alikuwa amekwisha kuiona njia hiyo kwa wenzake waliofika naye.

*Karata.* Kilichomtoa pale ni mchezo wa karata. Mkuu wa banda, mfungwa naye, alikuwa anatafuta mtu wa nne wa kucheza bridge, mwenye kujua lugha yake. M. alijitokeza. Katika mazungumzo ya mezani ikajulikana kuwa ni mwanamuziki, na mkuu yule akampeleka kwenye okestra ya wanaume, ambayo ilikuwa changa kabisa, imeundwa Agosti 1942. Alijaribiwa kwa fidla, akapokelewa.

*Kazi ya okestra.* Kila alfajiri bendi ilijipanga karibu na lango na kupiga muziki wa gwaride huku vikosi vya kazi vikitoka, watu watano kwa kila mstari. Jioni ilikuwa vivyo hivyo, ila vikosi vilirudi vikiwa vimebeba waliokufa mchana, kwa sababu nao walipaswa kuhesabiwa. Mdundo ulikuwa na kazi maalumu: miguu ikienda pamoja, mistari hainyooki tu bali inahesabika upesi. Jumapili kulikuwa na maonyesho kwa ajili ya SS. Mwanzoni wanamuziki wengi hawakusamehewa kazi; walipomaliza kupiga waliweka ala chini wakatoka nao kwenda mitaroni.

M. hakubaki mpiga fidla tu. Alipewa kazi ya kuandika nota. Karatasi zenye mistari mitano hazikuwapo za kutosha, kwa hiyo alipiga mistari kwa mkono kwenye karatasi tupu, kisha akapanga upya nyimbo za gwaride, vipande vya operetta (opera nyepesi za kuchekesha) na nyimbo za mapenzi zilizopendwa Ujerumani, zifae ala zilizokuwapo. Kazi hiyo ilifanyika ndani, chini ya paa, kwenye kiti.

Hapa inafaa kusogea karibu. Okestra ile haikuwa na safu ya kuaminika. Mpiga tarumbeta wa leo kesho anaweza kuwa hospitali ya kambi, ambako wengi hawakutoka, au amehamishwa, au amekufa. Nota za kawaida humpa kila mpigaji sehemu yake peke yake. Akikosekana, pengo linasikika. M. aliandika kwa namna aliyoijua tangu kwenye bendi ndogo za mikahawa na sinema: kwenye karatasi ya kila mmoja, juu ya sehemu yake, aliongeza kwa nota ndogondogo mistari muhimu ya wengine. Klarineti akikosekana, fidla anaruka kwenye nota ndogo na wimbo unaendelea. Fidla naye akikosekana, akodiani anachukua. Kwa hiyo muziki uliandikwa tangu mwanzo kwa kutarajia kwamba wapigaji watakufa. Sijui hati nyingine ya muziki inayoieleza Birkenau kwa usahihi zaidi ya hizo nota ndogo.

*Uongozi.* Baadaye M. akawa kiongozi wa okestra. Mkuu wa SS wa kambi ya wanaume, Johann Schwarzhuber, alipenda muziki na alijivunia bendi yake. Pery Broad, wa idara ya kisiasa ya kambi, idara ya mahojiano na mateso, alikuwa akija kwenye banda la wanamuziki na akodiani, akikaa kupiga jazi pamoja na wafungwa, muziki ambao utawala wake uliuita uchafu. Manyapara nao walitaka kupigiwa siku zao za kuzaliwa, na walilipa kwa mkate, soseji na sigara. Sigara ndiyo ilikuwa fedha ya kambi.

*Krismasi ya 1943.* Usiku wa kuamkia sikukuu, Schwarzhuber aliamuru bendi iende kupiga nyimbo za Krismasi kwenye hospitali ya wanawake. Walipoanza, wagonjwa walilia kimyakimya. Kilio kikapanda hadi kikafunika ala. Halafu wanawake wakaanza kupiga kelele kwamba inatosha, watoke, wawaache wafe kwa amani. M. aliwaondoa watu wake. Tukio hili lilikaa ndani yake kuliko jingine lolote katika habari za muziki wa kambi, na alilirudia kila alipobishana na waliodai kwamba muziki uliwafariji wafungwa.

*Karatasi yenye mafuta.* Siku nyingine aliokota kipande cha karatasi kilichokunjamana, chenye mafuta, kikiwa na nota za ngoma tatu za kale za nchi aliyozaliwa, za karne ya 18. Alikisafisha, akazipangia ala chache, na wenzake wakazipiga kwa siri ndani ya banda. Wafungwa wa nchi yake waliposikia walimpongeza wakisema ni tendo la upinzani. Yeye alishangaa. Kwake ilikuwa raha ya kawaida ya mwanamuziki, na hakuona jinsi ilivyomdhuru Mjerumani yeyote.

*Mwisho.* Mwaka 1944, kati ya Mei na Julai, Wayahudi zaidi ya 400,000 wa Hungaria waliletwa Birkenau na wengi wao wakauawa kwa gesi siku ileile. Okestra iliendelea na ratiba yake. Majira ya vuli mwaka huo, Jeshi la Sovieti likikaribia, M. alihamishiwa Ujerumani, akaishia kwenye matawi ya kambi ya Dachau huko Bavaria. Huko hakukuwa na okestra ya kumkinga. Wamarekani walipofika majira ya kuchipua 1945 alikuwa hai. Mei alirudi Paris.

Maamuzi aliyoyafanya, na sababu zake

Neno uamuzi linahitaji tahadhari hapa. Mfungwa hakuwa na uhuru wa kuchagua, alikuwa na nafasi finyu tu. Hata hivyo ndani ya nafasi hizo M. alifanya mambo ambayo wengine hawakuyafanya.

Kwanza, alijitokeza. Kambini kanuni ya wengi ilikuwa kutoonekana, na ilikuwa kanuni ya busara, kwani aliyeonekana alipigwa. M. alikisia kwamba kwenye kazi ya mitaro kutoonekana ni kufa polepole, kwa hiyo hatari ya kuonekana ilikuwa ndogo kuliko ilivyofikiriwa.

Pili, alihamia kwenye kazi iliyomfanya awe mgumu kubadilishwa. Wapiga fidla walikuwa wengi. Kila treni ilileta wengine, na fidla zenyewe zilitoka kwenye mizigo iliyoporwa kwao. Watu walioweza kukaa chini na kuipatia bendi mbovu nota zinazopigika walikuwa wachache.

Tatu, alikubali kuongoza. Hapa ndipo wasomaji hugawanyika. Kiongozi alisaidia kuamua nani anaingia, na kuingia kulimaanisha uhai kwa muda fulani. Anayeingiza huyu amemwacha yule. M. hakujipamba katika jambo hili: hakudai kwamba aliongoza ili kuokoa watu, wala hakujilaumu hadharani. Alieleza kazi ilivyokuwa, akaishia hapo.

Matokeo

Alitoka hai. Mwaka uleule wa 1945 aliandika kwarteti ya nyuzi, yaani utungo wa wapigaji wanne wa ala za nyuzi, iliyojengwa juu ya nyimbo za kienyeji za nchi alikozaliwa, kazi yenye uchangamfu mwingi. Tungo zake nyingi za kabla ya vita zilikuwa zimepotea. Alioa, akapata mtoto. Mwaka 1948 alichapisha Paris, pamoja na mwenzake wa kambini, kitabu cha ushahidi juu ya okestra. Nchini alikozaliwa kilikataliwa, kwa lawama kwamba Wajerumani wa ndani yake walikuwa na sura ya kibinadamu kupita kiasi. Miaka kama 30 baadaye alikiandika upya kwa lugha yake ya kwanza.

Utunzi ulikuja kwa vipindi. Kulikuwa na wimbo mmoja wa maombolezo wa mwaka 1961, juu ya vijiji vya Wayahudi vilivyofutika, na kazi chache katikati ya miaka ya 1960. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, wakati wimbi jipya la chuki dhidi ya Wayahudi lilipoikumba nchi alikotoka, alikuwa ameacha kutunga. Riziki yake kwa miaka mingi ilitokana na kuandika tafsiri zinazopita chini ya filamu. Miaka ya mwisho aliandika vitabu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichofanya kazi ni ufundi, na ufundi wa aina ambayo wasanii huudharau. Hakuna mtu Birkenau aliyemhitaji mtunzi wa kwarteti. Walihitaji mtu wa kupunguza gwaride la wapigaji 40 lipigwe na 20 wasiolingana, na hilo alilijifunza kwenye vibarua vya sinema alivyovifanya kwa ajili ya kodi ya nyumba. Ninapofundisha kisa hiki kwa vijana wa muziki, swali lao la kwanza huwa juu ya ushujaa. Mimi huwarudisha kwenye nota ndogondogo.

Cha pili ni mahusiano. Lugha na karata vilimpa mlango kabla ya fidla. Wanamuziki wazuri kuliko yeye walikufa mitaroni bila mtu kujua wanapiga nini.

Cha tatu ni thamani ya okestra machoni pa SS wenyewe. Mfano mzuri zaidi wa jambo hili uko kwenye okestra ya wanawake ya kambi hiyohiyo, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa amri ya Maria Mandl, ofisa aliyesimamia kambi ya wanawake. Alma Rosé, aliyeiongoza tangu Agosti 1943 hadi kifo chake Aprili 1944, alipata banda lenye sakafu ya mbao na jiko la moto kwa sababu ala huharibika kwa unyevu. Watu wangeweza kuoza, fidla isingeweza. Yeye aliutumia wazimu huo kuwapa wanawake wake joto, na kuwahesabisha ndani badala ya kwenye theluji. Alikuwa mkali mno kwenye mazoezi, aliyekosea aliadhibiwa, na wengi wa waliosalia walikuja kusema kwamba ukali ule ndio uliowaweka hai.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Muziki kama faraja ulishindwa, angalau pale alipousimamia M. Hospitali ile ya wanawake ni ushahidi mzito. Pia lango: kwa mfungwa anayerudi amemshika mwenzake aliyekufa kwapani, gwaride la furaha lilikuwa kipigo cha ziada, na wapo waliowachukia wanamuziki hadi mwisho wa maisha yao. Muziki kama mwalimu wa utu nao ulishindwa waziwazi. Broad alipiga akodiani vizuri. Hakuna zaidi ya kusema juu ya hilo.

Ninapotofautiana na M. ni kwenye zile ngoma tatu za kale. Alikataa zisiitwe upinzani, na ni kweli hazikumzuia mlinzi hata mmoja. Lakini ushahidi wake mwenyewe unaonyesha tofauti ambayo hakuipa uzito: kwenye lango alipigia mdundo wa miguu, kwenye sherehe alipigia mkate, bandani alipiga kwa sababu nota zilikuwa nzuri. Raha aliyoikiri ni ndogo, na aliogopa watu wataivimbisha. Waliivimbisha kweli. Hilo halifanyi isiwepo. Wanawake kadhaa wa okestra ya Rosé walisimulia saa kama hizo, za kupiga kwa ajili yao wenyewe, na hakuna sababu ya kutowaamini eti kwa kuwa mtu mmoja mwenye akili kali aliona vingine.

Gharama iliyobaki

Ni rahisi kuandika kwamba kambi ilimnyamazisha. Ushahidi hausemi hivyo moja kwa moja, kwani kwarteti ya 1945 iliandikwa kwa kasi ya mtu mwenye njaa ya kutunga. Ninachoona ni hasara za aina nyingine, za taratibu.

Alipoteza miaka ambayo mtunzi hujijenga. Aliingia akiwa na jina linaloanza kujulikana Paris, akatoka na miaka 43, tungo zake zimetawanyika, na jiji limeanza kusikiliza muziki wa aina nyingine kabisa. Waliokuwa wakimpigia tungo zake baadhi hawakurudi. Hasara hii haionekani kwenye cheti chochote cha daktari, na ndiyo maana hutajwa mara chache, ingawa kwa msanii inaweza kuwa kubwa kuliko jinamizi la usiku.

Kisha kuna jinsi ya kubeba ushahidi. M. alisema mapema, mwaka 1948, akiwa bado na hasira safi, akakuta pande zote hazitaki: wengine walitaka mashujaa, wengine walitaka majitu ya kutisha, yeye alikuwa na maofisa wanaopenda operetta. Wengine walichagua njia tofauti. Coco Schumann, mpiga gitaa wa Berlin aliyepitia kambi za Theresienstadt, Auschwitz na Dachau, alipiga jazi kwenye kumbi za dansi kwa miongo kadhaa bila kuizungumzia kambi hadharani. Henry Meyer, mpiga fidla aliyekuwa kwenye okestra za Auschwitz akiwa kijana, aliishia kwenye LaSalle Quartet, moja ya kwarteti mashuhuri za karne iliyopita. Umri una uzito hapa: Meyer alitoka na maisha yote mbele, M. alitoka katikati ya yake. Anayetaka kupima athari za kifungo kwa msanii aanze na umri na kazi iliyokatizwa, ndipo aje kwenye tabia na imani.

Hasara ya mwisho imeendelea hata baada ya kifo chake. Tungo zake zimeanza kurekodiwa na kupigwa, lakini mara nyingi zinapangwa kwenye jioni za kumbukumbu, na wasikilizaji wanaambiwa wasikilize kambi ndani yake. Isipokuwa lile ombolezo la 1961, hakuna kambi mle. Kama ningepewa kupanga programu, kwarteti ya 1945 ningeiweka kati ya kwarteti nyingine za miaka hiyo, nitaje nyimbo za kienyeji alizozitumia na wapigaji ni nani, na habari za Birkenau nizitengee mhadhara wake wa siku nyingine, wenye muda wa kutosha wa maswali.